Kulazwa Jiweni Skelbeck

Mtu wa Skelbeck humwambii kwamba lile ni jeneza. Ni jeneza, kila mwenye macho analiona: jiwe moja zito, rangi ya maziwa yaliyochacha, limechongwa kwa ndani kimo cha mtu, na upande wa kichwani limeachiwa kijishimo cha mviringo cha kulazia kisogo. Lakini pale kijijini linaitwa Jiwe, basi, na wageni wanaokuja na kamera zao wakisema "hilo jeneza lenu" hujibiwa kwa adabu ya baridi sana. Alizikwa humo Bibi Aldith, mke wa bwana aliyejenga kanisa, zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Wakati wa vita vya Mfalme wa Uingereza na Bunge lake askari walitupa mifupa yake, Jiwe likaishia uani kwa akina Thackray, farasi wakawa wananyweshewa humo, mpaka Thackray mmoja aliyeona haya akalipakia kwenye mkokoteni akalirudisha kanisani. Tangu hapo akina Thackray ndio walinzi wa Jiwe, baba kwa mwana, na hawajampa mtu nafasi ya kusahau.

Na tangu hapo watoto wa Skelbeck hulazwa humo. Usiulize kwa nini, hakuna anayejua. Mtoto akishabatizwa anapelekwa kwenye Jiwe kabla hajaota jino la kwanza, analazwa chali, kisogo chake kitupu kinagusa kile kijishimo, pumzi chache tu, halafu anainuliwa. Aliyelazwa ni mtu wa Skelbeck hata akienda kuishi Australia akaoa huko na kuzikwa huko. Asiyelazwa, azaliwe pale, afuge kondoo pale, azeeke pale, ni mpita njia.

Mlazaji alikuwa Hester Umpleby. Kazi hiyo hupewa mwanamke mmoja mpaka afe au mikono ianze kumtetemeka, na mikono ya Hester ilikuwa imara kama alivyokuwa mwenyewe. Alikuwa mjane mwenye kondoo wake mlimani, mrefu, mwenye kofia ya bluu yenye unyoya wa ndege ambayo hakuna aliyewahi kumwona bila yake nje ya mlango wa nyumba yake. Vijana wote wa kijijini walipita mikononi mwake. Akimkuta mmoja amelewa nje ya baa, humwambia, "Mimi nimekulaza Jiweni wewe, nenda nyumbani," na yule kijana huenda.

Lakini binti yake wa pekee, Marian, hakulazwa.

Hilo halikuwa siri. Kila mtu alilijua na kila mtu alikuwa na maoni yake. Hester alikuwa mtoto wa akina Raistrick, damu ya Skelbeck pande zote, na akina Thackray walikuwa wamekwisha kumhesabu kuwa mkwe wao. Seth Thackray, kijana wao, alikuwa ameshanunua hata kabati la nyumba ya arusi. Hester akaenda mnadani kuuza kondoo, akarudi na mchumba kutoka Hagg, ng'ambo ya kilima, jina lake Jabez Umpleby, mtu mpole, masikio makubwa, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Thackray mzee, Amos, baba yake Seth na mlinzi wa Jiwe siku hizo, hakugomba. Alisubiri.

Alikuwa na kitu cha kusubiri. Mtoto ambaye baba yake si wa Jiwe lazima aombewe. Mwombaji, ambaye ni yule baba au ndugu wa damu aliyelazwa, anasimama nje ya mlango wa kanisa, kichwa wazi, watu wote wakiwa ndani wanasikia. Anaomba mara tatu. Mlinzi wa Jiwe anasimama mlangoni, na mara mbili za kwanza anajibu, "Jiwe halikujui." Mara ya tatu ndipo anajibu ndiyo au hapana. Na kati ya ombi moja na jingine mlinzi anaweza kukaa kimya kadiri apendavyo. Hapo ndipo penye maumivu. Marian alipozaliwa, Amos alisema mnadani, mbele ya wafugaji wa mabonde yote, kwamba yule wa Hagg atasimama pale mlangoni mpaka kofia aliyoishika mkononi iote majani.

Jabez angesimama. Alivaa hata suti. Hester ndiye aliyesimama mlangoni kwake na kumwambia avue. "Mume wangu haombi kwa Thackray," alisema. Wiki zikapita, jino likatoka, mambo yakaishia hapo. Hester hakujuta, alijisikia mrefu zaidi. Jabez alirudisha suti kabatini, akambeba mtoto wake akampeleka kuona wanakondoo.

Marian ndiye aliyelipa. Shuleni watoto walicheza mchezo wa Jiwe, yeye akiwekwa awe farasi wa kunywa maji. Alipokua alisoma, akapata kazi mjini Bristol, akaolewa na Piran, fundi wa bandarini, mtu wa Cornwall. Alikuja nyumbani Krismasi na kwenye maziko ya baba yake, akaondoka. Hakuwa na ugomvi na mama yake. Alikuwa na adabu tu, na mama yake aliiona ile adabu ikimkata kama kisu.

Sasa mwaka ule, wiki moja kabla ya Pentekoste, Marian alikuja na mtoto. Wilfred alikuwa na miezi sita, mnene, masikio ya Jabez yamesimama pande zote mbili. Hester alimpokea mlangoni, akamwinua, akatia kidole mdomoni mwa mtoto kabla hata ya kumbusu. Ufizi wa chini ulikuwa umevimba, mgumu, na kitu cheupe kinakaribia.

"Bado siku chache," akasema.

"Siku chache za nini?" Marian aliuliza, ingawa alijua.

Hester aliweka birika jikoni, akakata keki ya tangawizi, akasubiri Piran atoke kwenda kutoa mizigo garini. Kisha akasema kwamba Jumapili ni Pentekoste, kasisi atakuja, mtoto abatizwe, alazwe, na mambo yaishe vizuri. Alisema kana kwamba anapanga kunyoa kondoo. Marian alikunywa chai yake yote kwanza.

"Baba yake si wa Jiwe," akasema.

"Piran ni kijana mzuri. Ataomba."

"Piran haombi kwa Thackray."

Hester alisikia maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka kwenye mdomo wa binti yake, na sauti ilikuwa yake, hata jinsi ya kuinua kidevu ilikuwa yake. Akajibu kwamba Amos amekwisha kufa, sasa mlinzi ni Seth, Seth hana ubaya. Marian akasema hana neno na Seth. Hana neno na mtu yeyote. Ameishi bila Jiwe na hajafa, Wilfred naye ataishi bila Jiwe, Bristol hakuna anayeuliza.

"Mimi nitauliza," alisema Hester. "Kila nikimlaza mtoto wa mtu nitauliza."

"Basi kaombe wewe, Mama."

Marian aliweka kikombe chini. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha Hester.

"Baba alivaa suti," Marian akasema. "Alinisimulia. Alikuwa tayari kusimama pale mpaka usiku kwa ajili yangu, wewe ukamvua suti. Aliyenifanya niwe farasi shuleni si Amos Thackray. Ukimtaka Wilfred alazwe, damu yako ni ya Jiwe, mdomo unao. Vua ile kofia yako ukasimame. Usiposimama, Jumatatu tunaondoka, na sitamleta tena kuja kuwa mpita njia nyumbani kwa bibi yake."

Hester alitoka nje akaenda kuangalia kondoo ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Alipanda mpaka kwenye ukuta wa mawe wa juu na kukaa. Alikuwa na hasira, jamani, hasira ya kweli. Yeye, aliyewalaza watoto wa nusu ya bonde, akasimame mlangoni kama mwuza ufagio, aambiwe "Jiwe halikujui" na mwanamume ambaye yeye alimkataa pamoja na kabati lake jipya! Na watu watakaa ndani wakisikiliza. Na wengine watafurahi. Aliwajua kwa majina. Chini alikiona kijiji, mnara wa kanisa, moshi wa nyumbani kwake. Alijaribu kujiambia kwamba Marian atabadilisha moyo. Lakini alimjua Marian. Alikuwa amemzaa mwenyewe, na shingo ile alikuwa ameitoa wapi kama si kwake?

Siku zilizofuata hawakulizungumzia tena. Hester alimbeba Wilfred asubuhi na jioni, na kila akimbeba alipitisha kidole kwenye ufizi. Piran, maskini, alimwambia kando kwamba yeye hana shida, angesimama hata kwenye theluji. Hester akamwambia anajua, na kwamba alipata kuwa na mume wa namna hiyo. Jumamosi alikwenda kwa Seth Thackray. Alimkuta anapaka rangi geti. Akamwambia kesho kutakuwa na mwombaji.

"Yule kijana wa Cornwall," Seth akasema.

"Si yeye."

Seth aliacha brashi ikidondosha rangi kwenye kiatu chake. Alikuwa mzee mwembamba, mjane sasa, mwenye maneno machache. Akamwangalia Hester, akaangalia geti, akasema geti hili halijapata kupakwa vizuri tangu baba yake. Hester akasema ni kweli, akaenda zake.

Jumapili ikaja na manyunyu. Kanisa lilijaa kupita Krismasi, maana Seth hakusema kitu lakini Skelbeck haina haja ya kuambiwa. Kasisi alimbatiza Wilfred, kisha akakaa kando, kwa sababu kwenye mambo ya Jiwe kasisi hana sauti. Marian alisimama karibu na birika la ubatizo na mtoto mkononi, uso wake haukuonyesha lolote. Hester akatembea katikati ya viti, wima, unyoya kwenye kofia ukipepea, akatoka nje. Akageuka. Seth alikuwa amekwisha kusimama mlangoni na ufunguo mkubwa mkononi, kama walivyosimama Thackray wote.

Hester akavua kofia.

Kulikuwa na watu mle ndani waliomfahamu maisha yao yote na hawakujua kwamba nywele zake zilikuwa zimekwisha kiasi kile. Mvua ilimdondokea kwenye ngozi ya kichwa. Akashika kofia kifuani kwa mikono miwili.

"Naomba Jiwe kwa mtoto wa damu yangu."

"Jiwe halikujui," Seth akasema. Hakukaa kimya hata dakika. Akamwashiria kwa kichwa, kama kumwambia sema tena, tumalize, uingie, utapata homa. Hapo Hester akapandwa na hasira. Huruma ya Thackray hakuja kuitafuta.

"Usiniharakishe, Seth," akasema, na waliokuwa viti vya nyuma kabisa walisikia. "Baba yako alimwahidi mume wangu kofia iote majani. Nipe haki yangu kamili."

Watu walicheka, kisha wakaona hatanii. Seth akaelewa. Akarudi hatua, akaegemea mwimo wa mlango, akafumba mdomo. Kasisi, hajui afanye nini, akamwashiria mpiga kinanda, na kanisa likaimba wimbo mrefu wa Pentekoste kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Hester alisimama. Maji yalimteremka shingoni yakaingia ndani ya koti. Alimfikiria Jabez akivua ile suti, kifungo kimoja kimoja, bila kulalamika, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliona haya mbele yake. Wimbo ukaisha. Seth bado kimya. Wakaimba mwingine. Mzee mmoja wa kiti cha mbele alianza kulia, na jirani yake akamwambia aache upuuzi huku naye akitafuta leso.

Seth alipojisogeza, Hester akaomba mara ya pili, maneno yaleyale. Akajibiwa maneno yaleyale. Safari hii hawakuimba. Ilisikika mvua tu, na Wilfred akinung'unika mikononi mwa mama yake.

Kisha Seth akainua ufunguo, ishara ya ombi la mwisho. Hester akavuta pumzi.

"Naomba Jiwe kwa mjukuu wangu, Wilfred," akasema. "Na kwa binti yangu, Marian."

Hilo halikuwemo katika desturi yoyote. Viti vya mbao vililia, watu wakigeuka kumtazama Marian. Seth alikuwa mlinzi wa Jiwe, na sheria aliijua tangu utotoni.

"Hester," akasema taratibu. "Marian ana meno."

"Aliyaota akinisubiri mimi."

Hester hakumtazama Marian, hakuthubutu. Alimtazama Seth tu. Na Seth akageuka akalitazama Jiwe pale lilipo chini ya dirisha la kaskazini, akalipima kwa macho, utosini mpaka miguuni, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani.

"Kwa kimo hakuna shida," akasema mwishowe. "Halikuchongwa kwa ajili ya watoto." Akasogea pembeni. "Jiwe linawajua. Waingie."

Hester aliingia akidondosha maji. Alimchukua Wilfred kwa Marian bila wao kusemezana, akampeleka Jiweni, akamlaza, kisogo mahali pake. Mtoto alitoa macho makubwa, akapiga yowe moja la hasira, na kijiji kizima kikapumua. Piran akampokea na kumfunika. Sasa Hester alibaki ameinama juu ya Jiwe tupu, mikono ikining'inia. Alikuwa ameomba mbele ya watu wote kitu ambacho Marian mwenyewe hakuulizwa kama anakitaka. Alisikia mtu anavua viatu.

Marian alikuja kwa soksi, akashika ukingo, akapanda kama anavyopanda ukuta wa mawe mtu aliyekulia mlimani. Akakaa. Akafungua nywele zake zilizofungwa, akazitupa mbele begani. Hester akaweka kiganja chini ya kisogo cha binti yake, vilevile kama anavyowashika wachanga, akamteremsha polepole mpaka akafika. Mkono ulikaa pale muda kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Kisha akauchomoa.

Marian alilala kimya, anatazama dari. Jiwe lilimtosha kila upande. Tangu Bibi Aldith hakuna mtu mzima aliyelala humo, na watu walianza kusimama, wa nyuma wakisukuma wa mbele, mpaka duara likawazunguka. Zile pumzi chache za desturi zilikuwa zimekwisha kupita. Marian hakuinuka. Uso ulimbadilika, nyusi zikapanda, kama mtu anayesikiliza kitu. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni, na hakuyafuta.

Seth Thackray, mlinzi wa Jiwe, mwana wa mlinzi, mjukuu wa mlinzi, aliinama na ufunguo wake. Alikuwa amelazwa humo akiwa na umri wa wiki tatu. Watu wote wa Skelbeck waliosimama pale walikuwa wamelazwa wakiwa wachanga, wakajisifu kwa hilo maisha yao yote, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kulikuwaje humo.

"Marian," akanong'ona. "Ikoje humo?"

Marian alimtazama kutoka chini. Kidevu kikainuka, palepale akiwa amelala.

"Siku moja," akasema, "nikipenda, nitawaambia."

Seth akamgeukia Hester kwa macho ya kuomba msaada. Hester alikuwa anavaa kofia yake iliyolowa, anaunyoosha unyoya kwa vidole, na hakuwahi kuwa mrefu kama alivyokuwa saa ile.

"Usinitazame mimi, Seth," akasema. "Katika Skelbeck nzima anayejua ni yeye."